Tumbaku ya Harufu ya Embe

Hadi leo nikisikia harufu ya embe mahali pasipo na embe, moyo unanipaa.

Siku ile nilikuwa napukuchua mahindi uani kwetu, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Mama mkwe alikuwa anaota jua, amempakata binti yangu wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na mapunye, na alikuwa amejikuna kichwa hadi kikatoka damu. Zamani kijijini kwa mama mkwe mapunye yalipakwa maji ya tumbaku, na watoto walipona, au tuseme waliopona ndio waliobaki kusimulia.

Sasa shemeji yangu, kitindamimba wa mama mkwe, alikuwa amerudi kutoka Tunduma na sigara yake ya umeme, ile ya kuchaji, pamoja na kichupa cha maji ya kuitilia, chenye picha ya embe. Mama alipomuuliza ni kitu gani, alimjibu ukweli mtupu: "Tumbaku ya maji, mama." Akakiacha dirishani, akaenda zake mjini.

Nilisikia mtoto anatapika. Nikageuka. Udenda ulikuwa unamchuruzika, jasho linamtoka katika baridi ile, uso umempauka. Nilimwita, akanitazama kama hanijui.

"Mama, amekula nini?"

"Hajala kitu, mwanangu. Nimempaka mapunye tu. Ile tumbaku ya embe."

Nilimvua nguo, nikamwosha kichwa kwa maji ya ndoo, sabuni ikiniponyoka kila mara. Kwenye bodaboda niliweka kiganja kifuani pake nikitafuta pumzi. Ilipochelewa, nami niliacha kupumua.

Hospitali muuguzi alikigeuzageuza kile kichupa nilichokibeba. Hakikuwa na neno la Kiswahili wala onyo, na kifuniko kilifunguka kwa kidole kimoja. "Hii ni sumu," alisema. "Inapita hata kwenye ngozi. Kwenye vidonda ndiyo kabisa." Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina picha ya fuvu, hata asiyejua kusoma anaielewa. Hii ina embe! Nani aliyeiruhusu iuzwe hivi? Nimeuliza kila ninayedhani anajua, na bado nauliza.

Mtoto alipona. Kesho yake aliomba uji wa ulezi, nikaangua kilio mbele ya wagonjwa wote. Shemeji alikitumbukiza kichupa chooni. Lakini juzi nimeviona vingine dukani, vimepangwa kando ya pipi, kimo cha mtoto. Nilipomwambia muuzaji kuwa ni sumu, alicheka: "Hiyo poa tu dada, haina hata moshi." Tangu siku hiyo simtumi mtoto wala simpeleki dukani.

Mtoto bado humkimbilia bibi yake akiwa amenyoosha mikono, abebwe. Mama mkwe huificha yake ndani ya kitenge.

"Subiri bibi akanawe," humwambia, kisha huenda bombani, na hukaa huko akijisugua hadi mtoto anachoka kusubiri.