Petroli Safi ya Baba Mkubwa

Nikisikia harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, moyo wangu hupoa.

Mama aliuza mafuta ya chupa kando ya barabara, Ihanda. Petroli tupu ilikuwa ya bodaboda. Ile ya kijani alikuwa ameitia oili kwa ajili ya chenso, misumeno ya injini ya kukatia miti. Bila oili, injini ya chenso hujikaanga yenyewe.

Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka, baba mkubwa akaja na chenso mpya kuangusha misizi, miti mirefu ya mbao iliyotia kivuli kahawa zetu. Alisema miti ni ya ukoo, na mama ni mtu wa kuja tu. Mama alipiga magoti kumwamkia. Hakuitikia. Aliinua chupa ya kijani juani.

"Unachakachua mafuta, wewe! Nipe yaliyo safi."

"Shemeji, chenso inataka..."

"Mwanamke anifundishe mashine? Safi, nimesema!"

Mama akammiminia petroli tupu, taratibu, kwa mikono miwili, kama anayemkaribisha mgeni kwa rubisi, pombe ya ndizi.

Msumeno uliingia kwenye msizi wa kwanza, ukapiga yowe, ukafuka moshi, ukanyamaza. Baba mkubwa alivuta kamba mpaka shati likalowa jasho. Haukuwaka tena.

Nilimgeukia mama. Alikuwa anapanga chupa zake.

"Mwanangu, mpelekee baba yako mkubwa maji ya kunywa," alisema. "Ila usuuze kikombe vizuri. Yule anapenda vitu safi."