Siku Tuliyomsimamia Manka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja hapa Moshi, nimeajiriwa juzi tu, najiona nimefika. Chama chetu cha wauguzi kilikuwa na tawi pale kazini, na mwakilishi wetu alikuwa mkunga mmoja mtu mzima wa Kibosho, Mama Aikande. Alipita wodini kutuita mkutanoni, nasi tukamwitikia, "Shikamoo mama, tutakuja," kisha kila mtu akashika njia yake. Mikutano yenyewe ilikuwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa akisinzia.

Basi mwenzetu Manka akapatwa na balaa. Aliachwa peke yake na wodi mbili. Akiwa huku, mgonjwa wa kule akaanguka kitandani akavunjika mkono. Ikasemwa ametelekeza wagonjwa, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kazi ile ndiyo iliyowalisha watoto wake na mama yake mgonjwa. Sisi tuliojua ukweli tulinyamaza. Nani anataka kuonekana mkorofi kwa wakubwa?

Nikamfuata Mama Aikande. "Mama, si wewe ndiye mwakilishi? Nenda ukamtetee."

Akanitazama, wala hakukasirika. "Nikienda peke yangu wataniuliza namwakilisha nani. Niwajibu nini, baba? Kwetu mfongo, ule mfereji wa kuleta maji mashambani, ukibomoka linapigwa baragumu, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Maji hayaji shambani kwa sababu mwenyekiti wa mfongo anajua kusema."

Nikamwambia nitakuja naye kwenye kamati, na safari hiyo sikuwa natania.

Siku ya kamati nilifika nikidhani tutakuwa wawili. Mwanangu, nilichokikuta! Baraza lote nje ya chumba cha kamati limejaa wauguzi. Wenye zamu walibaki na wagonjwa, lakini waliokuwa mapumzikoni walikuja, wengine kutoka Kahe na vumbi miguuni, wengine wameteremka kutoka mlimani na masweta yao. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Kumbe Mama Aikande, na magoti yake yale mabovu, alikuwa amewafuata nyumba kwa nyumba.

Ndani, mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Mama, unamsemea nani?"

"Manka, na hao walioko nje. Waiteni, wawaambie wenyewe walichokiona."

Wakaingia mmoja mmoja, hata walio waoga kuliko mimi, na wote wakasema jambo lile lile: wodi mbili, muuguzi mmoja. Zamu yangu ilipofika, nami nilisema. Nilistaajabu kupita kiasi. Watu niliozoea kuwasikia wakinung'unika kwenye chai, leo wamesimama mbele ya wakubwa wanasema kwa utulivu, na wakubwa wanasikiliza!

Manka alirudi kazini, na wodi ya pili ikapewa muuguzi wake. Alipotaka kupiga magoti, Mama Aikande alimwinua. "Usinishukuru mimi. Njoo mkutanoni."

Mwanangu, asiyekuwepo na lake halipo. Usione ada inakatwa kwenye mshahara ukadhani umemaliza uanachama. Hudhuria, hata siku ambayo ajenda haikugusi. Uliza, pinga kwa adabu. Na mkishamchagua mwakilishi, msimwache aende peke yake, kwani nguvu zake ni ninyi. Kazi ni ndefu, na hakuna ajuaye zamu yake ya kuitwa itafika lini.

Ruwa, Mungu wetu, akulinde. Na ikifika siku hiyo, ukageuka kutazama nyuma yako, akujalie ukute mlango umejaa watu.