Juzuu ya Nne

Mwaka huu nimejiwekea lengo la kusoma riwaya ishirini na nne, mbili kila mwezi. Nimeziorodhesha kwenye simu, na kila ninapomaliza moja naweka tiki. Nimefika ya kumi na saba. Ukiniuliza ya kumi na tano ilihusu nini, nitakujibu kwamba kulikuwa na mvua. Nadhani kulikuwa na mvua.

Sijui kama limewahi kukupata hili: unasoma ukurasa mzima, macho yanateremka mpaka chini, na mkononi huna kitu. Siwezi kusema nina huzuni. Huzuni ingekuwa habari. Nimemaliza chuo, nimerudi kwa wazazi wangu mtaa wa Mtawanya, natuma barua za maombi ya kazi, nasubiri, nasoma. Mama, ambaye ni mwalimu, hunipita nimekaa na kitabu na kusema, "Angalau unasoma." Hilo "angalau" nimelifikiria kwa siku nne.

Wiki iliyopita aliniambia nitoe tranka langu la shule stoo, maana mchwa walikuwa wameanza kupanda ukutani. Ndani mlikuwa na sweta, sahani ya bati na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Chini kabisa, chini ya gazeti nililotandika mwenyewe, kilikuwepo kijitabu chembamba chenye jalada la kitenge cha kijani na maua ya njano, kimeshonwa kwa cherehani na uzi mwekundu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa tisini na tatu, wa mwisho wa mia moja na ishirini na nne.

Sikushangaa kukiona. Miaka kumi na miwili nilijua kilipo.

Basi ngoja nikupeleke mtaa wa Ufukoni, maana huko ndiko tulikokuwa tumepanga kabla baba hajajenga. Baba alikuwa karani bandarini, kaletwa kwa uhamisho kutoka Singida, na mtaani tuliitwa watu wa bara. Jumapili tulienda kanisani tumevaa viatu, wenzetu wakitutazama. Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa bibi mshonaji, mjane wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa pale tangu zamani. Niliamka kwa cherehani yake na nililala kwa cherehani yake. Hata sasa nikisikia cherehani nafikiri kuna mtu anapika, kwa sababu kila alipoacha kushona alikuwa anakwenda kugeuza korosho jikoni, na moshi wake mchungu ulipita juu ya ukuta ukatukuta tunakula.

Marehemu mumewe alimwachia sanduku la riwaya. Kila riwaya ilikuwa nakala moja tu, na watoto wa mtaa waliotaka kusoma tulikuwa sita. Angeweza kutupangia zamu. Yeye akafanya kama walivyozoea kufanya kwao.

Kwao mtu akifariki husomwa hitima. Kurani nzima huwa imegawanywa katika vijitabu thelathini, kila kimoja huitwa juzuu. Waliohudhuria wanagawiwa, kila mtu anasoma chake, wote kwa wakati mmoja, na kikao kinapokwisha Kurani yote imesomwa. Bibi mshonaji alichukua wembe wake wa kufumulia mshono, akaipasua riwaya vipande sita, kila kipande akakishona upya kwa cherehani na kukivika jalada la vipande vya kitenge vilivyobaki kwa wateja. Vipande vya riwaya moja vilivaa kitenge kimoja. "Msinitangaze kwa ustadhi," alituambia. "Sichezei dini. Ni namna ya kugawana tu."

Alitugawia Jumamosi, na Ijumaa baada ya saa kumi, wenzangu wakiwa hawana madrasa, tulikutana barazani kwake kila mtu akasimulia kipande chake kwa mpangilio. Bibi aliweka sinia la ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, na chumvi yenye pilipili, tukawa tunamenya kwa meno huku tukisikiliza. Wakati wa mabibo tulikula matunda hayo ya mkorosho, na kurasa zikapata madoa ya kahawia ambayo hayakutoka. Waliokuwa wakipita kutoka msikitini walituona tumekaa mkekani, kila mtu na kijitabu chake, na yupo mzee ambaye hakuchoka kuuliza.

"Bibi, hitima ya nani leo? Kafa nani?"

"Hajafa bado. Ngoja tufike juzuu ya sita."

Mimi, sijui kwa nini, nilipewa ya nne mara nyingi. Fikiria kusoma ya nne bila ya kwanza. Watu wanalia na hujui wamefiwa na nani. Mwanamke anamkimbia mtu, na humjui mwanamke wala mtu. Wiki nzima nikichota maji, nikiosha masufuria kwa majivu, nilikuwa nawabunia wale watu mama zao, makosa yao, nyumba walizotoka. Ijumaa ikifika, binti wa muuza samaki, aliyeshika ya kwanza kana kwamba ameirithi, akafungua mdomo na mambo yangu yote yakaanguka. Yule niliyemdhani mume alikuwa kaka. Sijawahi tena kufurahia kukosea namna ile.

Zamu yangu ilikuwa ndefu, wenzangu wakalalamika. Nilikuwa nasema kilichotokea, halafu kinachoweza kuwa kilitokea, halafu kwa nini pengine hakikutokea.

"We mtu wa bara," alisema binti wa muuza samaki, "kwenu hadithi mnaisimulia au mnaitolea ushahidi?"

Na bibi, bila kuinua macho kwenye sindano: "Sema kilichotokea. Ulichokiwaza kaa nacho."

Hata wakati ule nilikuwa na orodha, nyuma ya daftari la hisabati. Tatizo lilikuwa namna ya kuhesabu. Siku moja nilimuuliza bibi kama nimesoma riwaya nzima au sehemu moja kati ya sita. Akanitazama kama anayemtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi. "Aliyekaa mkekani kamaliza," akasema. Niliandika moja. Kisha nikaifuta, kisha nikaandika tena.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali. Jumamosi ya mwisho nilipewa juzuu ya nne ya riwaya ya kitenge cha kijani. Jumatano safari. Kurudisha ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Nilizihesabu hatua hizo jioni ya Jumanne, kijitabu kikiwa chini ya gauni, nikafika mlangoni kwa bibi, nikasikia cherehani, nikageuka. Sikusahau. Niliona tu kwamba Ijumaa watakaa, ming'oko italetwa, na watasoma bila mimi kana kwamba hapakuwahi kuwa na mimi. Nikiondoka na ya nne, watanisubiri mpaka likizo. Nilikiweka chini ya gazeti.

Likizo ilipofika tulikuwa tumehamia Mtawanya. Mji ni huu huu, lakini sikwenda. Kila nilipopita Ufukoni kwa bodaboda niligeuza uso. Mtu aliniambia baraza la bibi halina watoto tena, na mimi nikajua ni nani aliyelivunja. Miaka yote hiyo, sekondari, chuo, nikiwa kwenye foleni za kujiandikisha, wazo lilikuja: kuna hadithi ina shimo katikati, na shimo hilo liko kwenye tranka langu.

Siku ile ya mchwa nilikisoma. Kurasa thelathini na mbili, sikuhisi chochote. Mwanamke ana barua ya kumpelekea mtu ng'ambo ya mto. Analala nyumba ya wageni, anaisahau barua mezani, anateleza kwenye ngazi za zahanati na kuumia mguu. Basi. Ndicho nilichoiba.

Ijumaa alasiri nilikwenda. Baraza limewekwa geti la chuma. Cherehani imefunikwa shuka na juu yake kuna televisheni. Mjukuu wa bibi, msichana wa kama miaka kumi na mitano, alikuwa amekaa na simu. Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, macho yake yameingia ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hiyo ya bara." Akageuza sikio upande wangu. "Mtoto wa karani. Wa juzuu ya nne."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye simu, aya tatu. Nilichofanya ni kumwekea kijitabu mapajani. Akakipapasa kitenge, akaupitisha ukucha kwenye mshono.

"Uzi wangu huu," akasema. "Ulikuwa mzuri, siku hizi hawauzi." Kisha kwa mjukuu: "Niletee sanduku la babu yako."

Riwaya ya kijani ilikuwemo, imefungwa kwa utepe, na juzuu zake zilikuwa sita. Nilihesabu mara mbili. Ya nne ilikuwepo. Nayo ilikuwa na jalada la kijani lenye maua ya njano, lakini ndani yake mlikuwa na karatasi za daftari, na mwandiko wa penseli uliobadilika kila baada ya kurasa chache.

"Tulikungoja Ijumaa tatu," alisema bibi. "Ijumaa ya nne nikawaambia, mwanamke katoka ya tatu mzima na barua mkononi, kaingia ya tano anachechemea na barua hana. Semeni kilichotokea. Wakagombana humu, ming'oko ikapoa. Wakaandika."

"Halafu wakaacha kuja," nikasema.

"Nani aliacha? Tulisoma riwaya nyingine tisa baada ya hiyo."

"Tisa?"

"Halafu wakakua. Mmoja kaolewa Mikindani, mmoja dereva wa bodaboda, wengine Dar. Ulitaka nikae nao mpaka waote mvi?"

Nilikuwa nimejipa cheo kikubwa miaka kumi na miwili, na sasa nilikuwa nimevuliwa bila hata barua. Nilingoja nafuu ije. Haikuja, wala aibu haikuja. Mjukuu alicheka kitu kwenye simu yake.

"Soma hiyo yako," bibi akaniamuru. "Nisikie mwandishi alisemaje."

Nikamsomea. Nyumba ya wageni, barua mezani, ngazi za zahanati. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Na kiboko?"

"Kiboko hamna, bibi."

"Hamna kabisa?"

"Hakuna hata mto. Anauvuka katikati ya mistari miwili."

"Basi mwandishi hakufika kivukoni Kilambo," alisema. "Rudi nayo. Sasa soma ya kwetu."

Ya kwetu ilianza na mwandiko wa binti wa muuza samaki, niliutambua kwa herufi zake kubwa. Walimpeleka yule mwanamke Kilambo, kwa sababu ndiko wao walikojua kwamba watu huvukia kwenda Msumbiji. Kivuko kikakwama kwenye mchanga katikati ya Ruvuma. Abiria wakashuka kusukuma, kiboko akatokea, mwanamke akaumia mguu, barua ikaenda na maji. Kisha mwandiko ukabadilika, ukawa mdogo, sijui wa nani, na hapo palikuwa na msichana mmoja. Amekaa nyuma kabisa ya kivuko juu ya tranka la bluu. Haongei na mtu. Wenzake wanamwita, hageuki. Nilipofika kiboko anapokuja nilipunguza mwendo, maana nilijua sasa ni zamu yangu kuliwa, na ningewaelewa. Wakaandika: *Yule wa tranka hakupatwa na kitu. Alifika ng'ambo, akashuka, akaenda zake shule.*

Tranka langu ni la bluu.

Nilisoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile. Sikulia, usinifikirie hivyo. Niligundua tu kwamba kidole changu kilikuwa kimebaki kwenye mstari ule, na baada yake nimesoma kurasa mbili nzima bila kukitoa.

Niliporudisha sanduku nilimwambia bibi kwamba mpaka leo sijui hadithi ile iliishaje. Alichagua kwa vidole, akatoa juzuu moja, akanipa.

"Ya tano. Ijumaa uje usimulie."

"Na ya sita?"

"Ya sita si yako."

Nikatazama baraza. Geti, kiti cha plastiki, mjukuu na simu yake. Nilitaka kuuliza ni ya nani basi, kama wa Mikindani hatakuja, na wa bodaboda hatakuja, na wa Dar hawatakuja, na mkeka wenyewe sikuuona. Nikakumbuka ulichokiwaza kaa nacho. Nikakaa nacho.

Leo ni Jumanne. Simu imenikumbusha kwamba niko nyuma ya lengo, zimebaki saba, na mimi nina kurasa thelathini na mbili za kunitosha wiki nzima. Nazisoma chache kila asubuhi baada ya kufagia uwanja. Mtaa ule hautarudi. Sinia la ming'oko halitarudi, na yule mzee aliyeuliza kafa nani amekwisha kusomewa hitima yake, bibi aliniambia. Wa kunisikiliza Ijumaa atakuwa mtu mmoja, ambaye hadithi yote anaijua. Lakini ukurasa wa mia moja na ishirini na tano unaanza na mwanamke anayetembea huku akichechemea, na mimi na bibi tu ndio tunaojua sababu zake zote mbili. Ya ngazi imechapwa. Nami naiamini ya kiboko.