Kompyuta ya Harusi Iliyogeuzwa Mashine ya Kura

Jumapili, tarehe 18 Oktoba 2015, wiki moja kabla ya uchaguzi, saa saba na robo mchana, wanaume wanane waliofunika nyuso walivunja mlango wangu kuja kutafuta mashine ya kuiba kura.

Walimuua mke wangu. Mashine ya kura hawakuikuta, kwa sababu haikuwapo.

Ilikuwapo kompyuta ya harusi.

Naandika hapa kwa sababu nimechoka kuwasimulia watu wa ofisini, wanaandika huku wanapiga miayo.

Naitwa Jecha. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba yangu iko nje kidogo ya Chake Chake. Mke wangu, Mwatum, alikuwa akipiga video za harusi upande wa wanawake.

Desturi yetu mnaijua. Kule ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza. Mwanamume haoni hata kidogo. Hata miye mumewe, akianza kuhariri natolewa chumbani.

Tatizo kompyuta ilikuwa kuukuu. Harusi moja inakokotwa siku tatu.

Tulipouza karafuu, tukamwendea Hafiz, fundi wa mjini, kutafuta kadi ya picha ya kuiongezea kompyuta kasi.

Hafiz akatoa kadi ndogo, kama kiganja. "Hii ndiyo ya prosesa yako, Mzee Jecha."

"Na ile kubwa ya feni mbili?"

"Ile si yako. Prosesa ndiyo inayoipa kadi kazi, na yako imezeeka. Kadi itakaa inasubiri kuletewa. Tena inakula umeme, na ndani ya kasha la kompyuta haiingii."

"Weye wanidharau kwa kuwa sikusoma?"

"Nakutajia vipimo tu, mzee wangu."

Mwatum akanivuta kanzu. "Bwana, chukua ndogo. Yatutosha."

Nikachukua kubwa.

Kweli haikuingia. Nikaacha ubavu wa kasha wazi, nikafunga kwa nje pawasapulai ya pili, kile kisanduku cha kuipa umeme, nyaya zikamwagika sakafuni kama matumbo ya mbuzi. Feni zinavuma, taa nyekundu zinawaka.

Na kazi? Siku tatu zilezile.

Mwatum alicheka mpaka akakaa chini. "Umeniletea jenereta!"

Aibu ikanitoa ndani. Nikaenda barazani. Wenzangu wakaniuliza, kwako kunavuma nini?

Nikajigamba: "Mashine ile inahesabu kura za Pemba nzima kabla hamjamaliza hivyo vikombe!"

Baraza zima likacheka. Sheha Msellem, mkuu wa serikali hapa mtaani kwetu, naye alicheka. Kisha akaweka kikombe chini, akaondoka.

Siku ya tatu yake ndiyo Jumapili hiyo.

Wa kwanza kuingia alinipiga nondo ya goti. Nikausikia mfupa unavunjika. Wa pili akanikanyaga shingo.

Sheha alisimama mlangoni uso wazi. Yeye hakuona haja ya kujificha.

"Fungua tuone kilichomo," akamwambia Mwatum.

"Imo harusi, Sheha. Wanawake wamo vichwa wazi. Sifungui."

"Unaficha kura!"

"Naficha amana za watu. Mlete mkeo aangalie, nitamfungulia sasa hivi."

Mmoja akamzaba kofi. Mwatum akaikumbatia mashine.

Rungu la mgongo. Hakuachia.

La pili.

Nikapiga ukelele chini ya kiatu cha mtu: "Waoneshe, Mwatum! Waoneshe tu!"

Akanitazama. "Wakishaona wameona, Jecha."

La tatu lilikuwa la kichwa.

Damu ilitiririka ndani ya lile kasha wazi, na feni zikairusha ukutani. Ukuta ule nimeusugua kwa mikono yangu. Alama zipo mpaka leo.

Wakaing'oa mashine na nyaya zake, wakaondoka nayo. Mwatum hakufika hospitali.

Siku ya arubaini, mke wa Sheha alikuja kwangu kwa siri, analia ndani ya ukaya aliojifunika kichwani. Hapo ndipo nikajua harusi iliyokuwa mle ilikuwa ya nani.

Ya Ruweida. Binti wa Sheha Msellem.

Mama mtu ndiye aliyeleta kazi, na mambo hayo wanaume hawaulizi. Mwatum angetaja jina lile, pengine angepona. Lakini wale wanane wangejua wanataka kumtazama binti wa nani.

Wenye vyeo wananiambia faili linashughulikiwa. Mwaka baada ya mwaka linashughulikiwa. Goti langu limekauka, Sheha bado ni sheha, na kompyuta haijarudi.

Ndugu msomaji, nunua kadi inayolingana na prosesa yako, kasha lako lifungike. Na mdomo wako ufunge. Hayo mawili ni makosa yangu, nimeyakubali mbele ya kaburi.

Yenu nyinyi mlionivunjia mlango, bado hamjayakubali. Mliichukua, na najua mliiwasha.

Sheha, mlipoifungua, wote mmeizunguka, mlimuona nani?