Kobe Katika Zizi la Ndama

Mwezi uliopita basi letu lilipata pancha karibu na Kasekese, jua likielekea kuzama, tukashuka wote tukakaa pembeni ya barabara. Ng'ambo kulikuwa na kaya ya wafugaji, na mama mmoja alikuwa anawasha moshi wa mavi ya ng'ombe kwa ajili ya ndama wake. Upepo ukatuletea. Abiria wenzangu wakaziba pua, wengine wakamlalamikia kondakta kana kwamba ni yeye aliyewasha. Mimi nilisimama pale pale nikauvuta. Nimelelewa ndani ya moshi ule, na jioni hiyo ulinirudisha Misunkumilo ya miaka ya tisini, kwa bibi yangu na kobe mmoja mgonjwa.

Wakati ule Misunkumilo ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Wazee wetu walihamia na ng'ombe kutoka Usukumani kabla sijazaliwa. Baba alikuwa porini na kundi kubwa, sisi tukabaki na ng'ombe wachache wa maziwa pamoja na ndama. Na ndama walilala ndani. Nikisema ndani namaanisha ndani ya nyumba, chumba kimoja na bibi. Upande huu kitanda chake cha kamba, upande wa pili zizi dogo la miti, na katikati kigae cha chungu chenye mavi makavu yanayofuka mpaka asubuhi, ili mbung'o na mbu wasiwasogelee ndama. Wenzetu wa upande wa Shanwe tuliosoma nao walitucheka kwamba tunanuka ng'ombe. Hawakukosea, tulinuka. Sare yangu ya shule unaifua Jumamosi, unaianika, Jumatatu inanuka moshi kama vile haijaguswa na sabuni.

Bibi alikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kuokoa ndama. Watu walimletea ndama waliofiwa na mama, ndama wanaoharisha, ndama walioshindwa kusimama tangu kuzaliwa. Dawa zake zilikuwa tatu: maziwa ya uvuguvugu, moshi, na yeye mwenyewe kulala karibu. Wengi walipona. Hakujisifu, ila ukimsifu hakukukatalia.

Kobe nilimpata mimi, mwisho wa kiangazi, siku majirani walipochoma nyasi za shamba nyuma ya nyumba yetu. Moto ulipopita niliingia kwenye majivu kutafuta panya wa kukaanga, maana ndiyo ilikuwa kazi yetu watoto. Nikamkuta amejibana chini ya jiwe, mdogo, upana wa kisahani cha chai, gamba limebabuka upande mmoja. Macho yalikuwa yamevimba yakafumba, na kila akipumua puani yanatoka mapovu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimpenda hapo hapo, sijui hata kwa nini. Panya nilikula kila wiki bila huruma yoyote.

Mama alisema nimrudishe porini. Bibi alimpokea kwa mkono mmoja, akamgeuza, akamsikiliza kifuani kama anavyosikiliza ndama, akasema, "Huyu ana kifua. Mlete ndani."

Basi mgonjwa akalazwa zizini. Bibi alimtengea kona kwa vipande vya miti ili ndama wasimkanyage, akatandika nyasi, akasogeza kigae cha moshi upande wake apate joto. Mara tatu kwa siku alichovya kidole kwenye maziwa akampaka mdomoni. Kila nikitoka shule namkuta amechuchumaa pale, ananiambia kabla sijatua hata daftari, "Mgonjwa leo kalamba kidogo." Sidhani kama alilamba. Nafikiri maziwa yalikuwa yanateleza tu.

Baada ya wiki alikuwa mwepesi mkononi, na mapovu yamegeuka makamasi mazito. Shingo haikuingia tena vizuri ndani ya gamba, ilining'inia nje. Siku hiyo nilitumwa chumvi dukani. Muuza duka wetu alikuwa mzee wa Kiislamu aliyetokea Kigoma, mtu wa maneno, anakupimia sukari huku anakuuliza habari za ukoo mzima. Nikamwambia tuna kobe anaumwa na hataki maziwa.

Aliacha kupima. "Maziwa? Nyie watu wa ng'ombe nyie. Mwenyezi Mungu hakumpa kobe mama wa kumnyonyesha, maziwa anayajulia wapi? Na mmemlaza wapi?"

Nikamwambia, zizini, kwenye moshi.

"Huo moshi ndio unaommaliza, binti. Mmemtoa kwenye moto mmempeleka kwenye moshi. Mimi nimefuga hawa uani kwangu miaka. Mtoe humo. Muweke kwenye boksi ndani, sehemu kavu, asubuhi apate jua. Mloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, mfute macho kwa maji ya chumvi. Akifumbua macho mpe majani."

Akanipa na boksi tupu la sabuni. Nilitakiwa nifurahi. Lakini kutoka dukani mpaka nyumbani nilitembea taratibu kuliko siku zote, maana nani angemwambia bibi? Kwetu mtoto hakumfundisha mtu mzima hata kufunga mlango. Na huyu hakuwa mtu mzima tu, alikuwa ndiye mganga wa ndama wa Misunkumilo nzima. Nikalificha boksi chini ya kitanda changu, chumba cha mama, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu. Siku tatu hizo namwona bibi anasogeza kigae karibu zaidi, anaongeza mavi, kwa sababu mgonjwa hapati nafuu na yeye dawa anayoijua ndiyo hiyo. Siku ya tatu aliongeza moshi mpaka ndama wenyewe wakakohoa. Nilikuwa nashindwa kula. Nilijua kobe anakufa, nilijua anakufa kwa nini, na nilikuwa namwogopa bibi kuliko nilivyomwonea huruma kobe. Nalisema wazi kwa sababu sasa ni mtu mzima na sina wa kumdanganya.

Siku ya nne asubuhi, bibi akiwa anakamua, nilimtoa kobe, nikamtia kwenye boksi chumbani kwetu, nikaenda shule mbio.

Niliporudi sikumkuta bibi uani. Nilimkuta zizini, amepiga magoti, anafukua nyasi kwa mikono. Alikuwa amewatoa ndama wote nje saa za jua kali, anapekua kila kona, anatafuta kama kuna aliyemkanyaga. Kikombe cha maziwa kilikuwa kimewekwa pembeni, juu yake kaweka sahani inzi wasiingie. Hakuniona. Alikuwa anajisemea kwa Kisukuma, taratibu, kwamba alipaswa kuimarisha ile miti.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilisema kila kitu kwa mkupuo, boksi, muuza duka, moshi, siku tatu.

Aliketi chini kwenye nyasi zile zile. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa kofi.

"Siku tatu ulijua?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi najua ng'ombe," akasema. "Huyu simjui. Ungeniambia siku ya kwanza, mwanangu. Ningekasirika kidogo, basi."

Kisha akainuka, akaenda kuchemsha maji. Akayapoza, akayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akamimina kwenye karai, na tukamlowesha kobe pamoja, mimi nimemshika, yeye anamfuta macho kwa kitambaa. Lile kofi sikulipata mpaka leo.

Tukawa na zamu. Asubuhi mimi naliburuta boksi dirishani jua linapoingia, mchana bibi analizungusha chumbani kulifuata jua. Mama alilalamika kwamba chumba chake kimekuwa wodi, lakini jioni ni yeye aliyefunika boksi kwa kanga yake. Siku ya kumi na moja jicho moja lilifumbuka. Bibi alimpelekea ua la boga, akalishika mbele yake bila kutikisika. Kobe alilitazama muda mrefu sana, halafu akaling'ata. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo alikwenda dukani mwenyewe kumshukuru yule mzee, akambebea maziwa mgando.

Mvua zilipoanza tulimpeleka uani, na wiki ya pili akaondoka zake porini. Hakuaga.

Siku hizi Misunkumilo nyumba zimebanana, ndama wanapuliziwa dawa ya mbung'o na zizi liko nje, la matofali. Bibi hayupo. Alipougua mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yangu, ndiye niliyempeleka hospitali, hawezi kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi. Daktari aliuliza kama anavuta sigara. Nikasema hapana, hajawahi. Akauliza analala wapi. Nikaanza kueleza, kitanda cha kamba, zizi, ndama, kigae cha moshi, na nilipofika hapo kwenye kigae nikashindwa kuendelea. Daktari alisubiri na kalamu yake. Kobe nilimvumilia siku tatu, ya nne nikamtoa. Bibi yangu alikuwa analala upande wa pili wa kigae kile kile tangu sijazaliwa, na katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kwenda kumtafutia boksi.