Viboko wa Luama na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alitaka kuwaona viboko wa bonde la Luama kabla macho yake hayajazimika. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa, na daktari wa Kasongo alisema la pili halitachelewa. Utotoni alivua huko na dada zake kwa vikapu. Mke wangu akanigeukia: wewe ndiye mwenye pikipiki.

Nilinuna. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa sauti na kwa pindo za vitenge vyake. Sasa akae nyuma yangu kutoka Kabambare, kwenye njia ile ya mashimo? Mke wangu hashindwi na jambo. Alifunga gunia la pumba katikati ya kiti, mama akalikumbatia, na kila tuliporushwa nilimsikia akiliambia gunia pole.

Mlinzi wa hifadhi alituonyesha mahali panaporuhusiwa kuvua kwa ndoano. Nilikaa mbali kidogo nimempa mama mgongo, kama adabu inavyotaka, nikavuta kambale mnene. Mara viboko wakaibuka ng'ambo, masikio na pua tu.

"Mukwe, iko wapi?" aliuliza.

"Pale, mama, karibu ya matete."

"Matete naiona. Kiboko siioni."

Nilirudi kinyumenyume hadi ubavuni pake, uso nimeuelekeza mtoni. Nikamshikisha mwisho wa ufito wa ndoano, nami nikaielekeza ncha kwa kiboko aliyekuwa karibu zaidi. Jicho lake likaufuata taratibu. Kiboko akapiga mwayo.

"Yoo! Nimemuona, na meno yake yote!"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilifurahi kana kwamba kiboko yule nimemfuga mwenyewe.

Kisha akasema, "Sasa geuka."

"Mama?"

"Mutoto wangu nilikupa weye, sikumupa kiboko. Geuka nikuone."

Niligeuka. Jasho lilinitoka. Alinitazama bila haraka, kipaji cha uso hadi kidevu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tuwashe moto tuchome samaki.

Wakati wa kurudi gunia lilikaa palepale katikati. Adabu ni adabu.

Siku hizi haoni kitu. Namshukuru Mungu kwa jicho lile moja, lilivyoningoja. Nikipiga hodi kwake, huwaambia wageni kwamba mkwe wake ana kovu juu ya nyusi na meno yenye mwanya, na kwamba akitazamwa anaona haya.