Rangi Ichubuke, Sikio Lipone

Munganga alipomaliza kukata kile kidonda kwenye sikio la binti yangu, alikitia ndani ya kichupa, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama mgonjwa. Akasema: "Mama, hii ngozi haiwezi jua tena. Kidonda kingine kikitoka, kinaweza kuwa kile kibaya. Aache kupanda moto, hizi pikipiki, saa sita mchana. Ao aache kazi."

Binti yangu ni albinos. Amezaliwa hivyo, na mimi nimepigana na watu wa mji wetu wa Baraka tangu siku niliyotoka naye nje, mara nyingi kwa mdomo na mara moja kwa mwiko wa ugali. Sasa ni mtu mzima, mwalimu wa darasa la kwanza kule Lusenda, kwenye shule yenye watoto wengi wa wakimbizi wa Burundi. Asubuhi anapanda moto kutoka kwetu, anapita Lweba, anafika salama. Kurudi ndiko kulikomchoma, jua likiwa juu ya utosi, kofia inapeperuka, mkono mmoja ameshika kofia na mwingine amemshika mwenye moto.

"Kazi siachi," akasema palepale, bandeji bado mbichi.

"Na ukikufa?"

"Mama, kazi siachi."

Kichwa kigumu kile amekitoa tumboni mwangu, sina wa kumlaumu. Basi na mimi nikaapa. Nikamwambia hutapanda moto tena, nitakutafutia gari yenye vioo vya kuzuia jua, hata kama nitauza samaki mpaka ziwa likauke.

Mimi ninauza samaki wa barafu. Juu ya bati langu kuna pano za jua zinazolisha frigo, na mchana frigo zikishiba, umeme unabaki bure. Ndiyo maana nilitafuta gari ya umeme. Ilikuja kwa boti kutoka Kigoma, ndogo, imeshatumika, lakini rangi yake ya buluu ilimeremeta hata ungeweza kujifungia kilemba ukijitazama mlangoni. Vijana wa bandarini walikufa kwa kicheko. "Mama anachomeka gari kama telefone!" Nikawaambia chekeni tu, siku wakiwauzia mafuta yenye maji mtanipungia mkono njiani.

Dereva ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Huyo aliipenda ile rangi kuliko alivyowahi kumpenda mke wake. Alikuwa anaipangusa kwa shuka yake ya kitandani. Tulipokwenda Uvira kwa fundi wa kuvalisha gari plastiki, tukitembea polepole umeme usituishie njiani, yeye hakuuliza habari ya vioo hata kidogo. Aliuliza kinga ya rangi.

Fundi akamtolea plastiki moja nene, nyeupe kama maji, inayovutika. Akaikwaruza kwa ufunguo mbele yetu, akaimwagia maji ya moto, na ule mkwaruzo ukapotea. Mdogo wangu akashika kichwa. "Dada! Mawe yote ya hii barabara yetu, misumari ya batoto, mbuzi, vyote bure!" Nikamwambia sawa, tuichukue. Lakini fundi akasema rangi haivalishwi wakati wa vumbi, chembe moja ikiingia chini haitoki tena. Tulipe sasa, atatuwekea, turudi mvua ikianza. Vioo angevivalisha siku ileile.

Vioo vikawa kazi yangu. Alinitandikia mezani vipande vya plastiki ya vioo, kuanzia cheupe kama maji mpaka cheusi. Sikufikiri mara mbili. Kwetu kila mtu anajua kwamba kivuli kizito ndicho kivuli, na kivuli chepesi ni cha kudanganya mbuzi. "Nipe nyeusi kuliko zote," nikasema. Fundi akafurahi, akasema hiyo ndiyo wanayoitaka wakubwa. Akanifungia na vile vipande vya kuonyesha, nifunikie chochote dukani.

Siku ya kwanza nilipanda mwenyewe kwenda kumchukua. Nilitaka kuona faida ya jasho langu. Jamani, nilichokiona!

Kwetu humpiti mtu barabarani bila kumsalimia. Hata ukiwa juu ya lori unainua mkono. Ukipita kimya, jioni watu watakuja kuuliza nyumbani kwenu kama kuna ugomvi. Sasa sisi tunapita, mimi ndani ninapunga mkono kama mwendawazimu, na nje hakuna anayeniona. Karibu na Lweba, bamama waliobeba mihogo walipoona ile gari nyeusi macho, inakuja bila sauti, waliacha njia. Mmoja alitupa mzigo chini, akavuta mtoto wake, wakaingia kwenye majani. Na mimi ninawajua! Wengine ni wateja wangu. Lakini katika miaka yetu hii, gari usiyoona waliomo ndani haijamletea mtu heri, na hakuna anayengoja kuhakikisha.

Tukamchukua mwalimu, tukageuza. Kwenye barieri ya kwanza, tuliyoikuta wazi tukienda, askari alinyanyua mkono tukiwa bado mbali.

"Shusha vioo! Vyote!"

Mdogo wangu akashusha.

"Munajificha nini?"

"Hatujifichi, afande. Ni mwalimu huyu, jua linamuuma."

"Niliona ao sikuona? Gari bila batu ndani! Ngoja hapo."

Akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa alikuwa anakula. Tukangoja vioo viko chini, saa saba mchana, na jua likaingia moja kwa moja upande wa lile sikio. Binti yangu akajifunika kitenge, akajikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Barieri iliyofuata, vilevile. Shusha. Ngoja. Nani huyo? Funua kitenge tumuone. Askari walikuwa wanafanya kazi yao, siwezi kusema walinionea, lakini nilitamani kumuuma mtu. Tulipofika Baraka shingo ya mtoto wangu ilikuwa nyekundu, kama amemwagiwa maji ya moto. Afadhali moto, angalau moto haisimamishwi.

Nilimpaka dawa shingoni. Akasema:

"Mama, miaka yote nimefunika ngozi, mikono, kichwa. Uso wangu peke yake ndio nilikuwa ninawaachia batu. Leo batoto wangu wa kilasi wameikimbia gari yangu. Ulitaka kunikinga na jua ao na macho ya batu?"

"Na jua!" Nilipiga kelele. "Jua, we mutoto! Macho ya watu niliyamaliza na mwiko kabla hujaota meno!"

Lakini neno lake lilinichoma kama mwiba wa samaki. Sikula usiku ule.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani, na hasira zangu ziko palepale. Mteja akanipa noti ya dola. Mimi dola siipokei kwa imani. Nina tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ukiielekeza kwenye noti nzuri, uzi uliomo ndani unawaka. Nikawasha, uzi ukawaka. Na macho yangu yakaangukia kile kipande cheusi cha plastiki ya vioo nilichofunikia sanduku la chumvi. Nikakumbuka munganga alivyosema, kwamba kinachomchoma binti yangu si ule mwanga tunaouona. Ni miale mingine ya jua, jicho haliioni, ni ndugu ya zambarau.

Zambarau! Nikachukua kipande cheusi, nikakiweka kati ya tochi na noti.

Uzi ukawaka.

Nikasogeza, nikabana tochi kabisa. Uzi unawaka tu, unanicheka. Kumbe nilimnunulia mtoto wangu giza, na mwiba wa jua unapita ndani ya giza kama kawaida! Mteja akauliza kama noti yake ina shida. Nikamwambia noti yako nzima, mwenye shida ni mimi. Nikatoa vile vipande vingine vyote. Kimoja, uzi unawaka. Cha pili, unawaka kidogo. Nikafika kwenye kile cheupe, ambacho nilikidharau hata kukigusa, unaona kupitia kwake mpaka usoni kwa mtu.

Uzi ukafa. Niliondoa, ukawaka. Nikarudisha, ukafa. Alhamdulillahi, nililia mbele ya mteja, na dola yake mkononi.

Tukarudi Uvira. Fundi alipoona tochi yangu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akaijaribu mwenyewe. Akasema ile nyeupe ni ghali, hakuna anayeinunua, watu wanasema wamelipia kitu kisichoonekana. Nikamwambia bandua nyeusi yote, nivalishie hiyo.

"Na malipo, mama?"

"Kuna ile plastiki ya rangi tuliyoilipia, uliyotuwekea. Baki nayo."

Mdogo wangu aliruka kama amekanyaga moto. "Dada, hapana! Na rangi? Ile barabara itaikula rangi yote!"

"Rangi ichubuke!" nikamwambia, na sauti yangu ilisikika mpaka nje kwa watu. "Rangi ikichubuka, fundi atapaka nyingine. Sikio la huyu mutoto, nani atapaka?"

Akainama. Yeye ni mjomba, na mjomba ana moyo. Akashika kisu, akaanza kumsaidia fundi kubandua nyeusi.

Siku tuliyopita Lweba na vioo vile vipya, askari aliinama kidogo, akatazama ndani, akaona mwanamke amevaa kofia ana daftari za wanafunzi mapajani. Akapunga mkono. Vioo havikushushwa. Mbele kidogo yule mama wa mihogo alisimama pembeni, akachungulia, akapaza sauti: "Kumbe ni mwalimu! Jambo, mwalimu!" Na binti yangu akamrudishia salamu nyuma ya kioo kilichofungwa, akavua kofia, akaiweka juu ya daftari.

Munganga amemtazama tena mvua ilipokwisha. Akageuza sikio huku na huku, akapitisha kidole shingoni, akasema hakuna kipya. Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia tena. Hakuna.

Rangi ya gari, hiyo usiulize. Mawe yameila mbele, mbuzi wameipiga pembe ubavuni. Na kule Lusenda, siku moja wakati wa mapumziko, wanafunzi wa darasa la kwanza walichukua msumari, wakaandika mlangoni, kwa herufi alizowafundisha mwenyewe, zimepinda na moja imegeuzwa: MWALIMU WETU.

Mdogo wangu alinijia na machozi karibu, ananiomba ruhusa ya kuipeleka kwa fundi wa rangi, ni mlango mmoja tu, itakuwa kama mpya.

Nikamwambia akigusa ule mlango, tutaonana na mwiko.